Tanizaki: Barobaro wa mjini aliyegeuka mtetezi wa kivuli

Stima ikipotea usiku ukawasha mshumaa, umewahi kuona jinsi chumba chako kinavyobadilika sura? Mjapani mmoja alilitazama jambo hilo hadi akaliandikia kitabu.

Jun'ichiro Tanizaki alizaliwa Tokyo mwaka 1886, katika familia ya wafanyabiashara iliyofilisika angali mdogo. Aliingia chuo kikuu lakini karo ikamshinda, akatoka bila shahada.

Usidhani alikuwa mtu wa mambo ya kale. Wapi! Alikuwa barobaro wa mjini kama wewe. Alipenda vitu vya kutoka Ulaya na Marekani, akaandika hadithi za sinema, kisha akahamia Yokohama, mji wa bandari, akaishi kizungu.

Mnamo Septemba 1, 1923, tetemeko la ardhi liliharibu Yokohama na sehemu kubwa ya Tokyo. Zaidi ya watu 100,000 walikufa. Tanizaki alikuwa ndani ya basi kule milima ya Hakone, akanusurika. Ati hata alifurahi kidogo, akiwazia Tokyo mpya ya kisasa itakayojengwa!

Lakini alihamia upande wa Kyoto na Osaka, na huko akakutana na Japani aliyokuwa ameipuuza. Mkahawa mmoja wa Kyoto ulisifika kwa mishumaa yake. Siku moja akakuta wameweka taa za umeme, maana wateja walilalamikia giza. Akaomba aletewe mshumaa. Kumbe bakuli zile nyeusi zenye nakshi za dhahabu, ambazo kwenye taa kali zilionekana za kujishaua tu, zilitengenezwa kwa ajili ya mwanga hafifu! Gizani, dhahabu ile ilimeremeta polepole.

Ndipo akaandika kitabu chake kidogo cha kusifu vivuli, kilichoanza kuchapishwa 1933. Hakuukataa umeme. Alichouliza ni hiki: mbona tunapokea kila kipya bila kuangalia kinachopotea?

Msimamo huo ulimgharimu. Mwaka 1943, katikati ya vita, jarida lilianza kuchapisha riwaya yake kuhusu dada wanne wa Osaka, nguo zao, maua na posa. Wanajeshi wakaizima, wakisema haifai wakati wa vita. Yeye akaendelea kuiandika kimyakimya. Ilikamilika kuchapishwa 1948, na leo ni miongoni mwa riwaya maarufu zaidi za Japani. Alifariki Julai 30, 1965.

Mkewe alisimulia kisa hiki. Tanizaki alitaka kujenga nyumba, na mchoraji ramani akafika akijigamba kwamba amesoma kitabu cha vivuli, hivyo anajua kinachotakiwa. Tanizaki akamkatiza: yeye hawezi kamwe kuishi katika nyumba ya aina hiyo!

Cheka, lakini usimwite mnafiki. Alitaka starehe za kisasa kama wewe na mimi. Alichokataa ni kusahau.