Sakagwa, mtabiri aliyesemeshwa baada ya kufa

Kuanzia Kenyenya huko Bomachoge hadi Nyamira, jina la Sakagwa halihitaji maelezo. Sisi wa pwani wengi hatumjui, ingawa tunakaa mtaa mmoja na Wakisii miaka mingi. Maisha yake yana funzo kwetu katika zama hizi za akili mnemba.

Sakagwa alikuwa mtabiri wa Abagusii katika karne ya 19. Watu walimwendea wakati wa vita na wakati wa dhiki. Husimuliwa kwamba aliwaambia watakuja wageni weupe, vijana watanyang'anywa silaha, na akawaonyesha mahali ambapo baadaye ulisimama mji wa Kisii. Sisi Waislamu tunajua kuwa ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, kwa hivyo sitaingia huko. Ninalotazama ni jambo jingine. Alipokuwa hai, mwenye shaka juu ya neno lake aliweza kwenda kumuuliza mwenyewe.

Alifariki mwanzoni mwa karne ya 20, Waingereza kabla hawajaweka boma lao Kisii mwaka 1907. Hakuacha maandishi. Kuanzia hapo, aliyetaka kusikizwa alilitaja jina lake.

Septemba 1914, Wajerumani walipoingia Kisii na Waingereza wakaondoka kwa muda, habari ikaenea kuwa utabiri wa Sakagwa umetimia na mzungu amekwenda zake. Watu wakaingia mjini kupora. Waingereza walirudi upesi, na adhabu waliyotoa ilikuwa kali. Ikaja dini ya Mumbo, iliyoanzia Alego mwaka 1913. Ilipofika Gusii, wahubiri wake walimfanya Sakagwa kuwa wao, wakaahidi kuwa atarudi. Mwaka 1921 serikali iliwakamata viongozi wao na kuwahamisha mbali na kwao. Waliobeba gharama ni walioamini. Sakagwa hakuwepo kukubali wala kukanusha.

Wakati ule, kumsemesha maiti kulihitaji mhubiri hodari. Leo yatosha simu. Sauti ya mtu ikirekodiwa kidogo tu, programu huiiga hata mkewe asitofautishe. Waaidha, mawaidha ya masheikh wetu waliotangulia mbele ya haki yamejaa mitandaoni. Ni nini kitamzuia mtu kuwatungia fatwa ambayo hawakuitoa, au kuwafanya wampigie debe mgombea katika uchaguzi wa 2027? Na mama mzee akipokea sauti ya mwanawe aliye Ghuba akilia kuwa ametiwa ndani, atume pesa haraka, atajuaje?

Wazee wetu walituachia dawa. Wanazuoni wa hadithi hawakupokea maneno kwa utamu wake. Waliuliza isnadi: nani kasema, kamsikia nani, na huyo ni mkweli au si mkweli. Mnyororo ukikatika, neno liliwekwa kando hata likiwa zuri namna gani.

Basi sauti ikifika kwenye kundi la WhatsApp, tuitake isnadi yake kabla ya kuisambaza. Ya mwana, tumpigie mwana kwa nambari tuliyoizoea. Ya sheikh aliyefariki, tuwaulize wanafunzi wake na watu wa nyumbani kwake. Isiyo na mwenyewe, tuifute. Sakagwa alikosa wa kumtetea, na waliolipa ni watu wake.