James Chuma na Chama cha Jiografia

Mwezi uliopita nilianza kujaza fomu ya kujiunga na chama cha wanaisimu, katika kundi la wanafunzi, ambalo ada yake ni nafuu. Nilimpigia simu mzee mmoja wa upande wa Lusangi, kusini mwa Maniema, aliyenifundisha maneno ya Kibangubangu kwa ajili ya tasnifu yangu, nikamweleza habari hiyo. Alitaka kujua jambo moja tu: kama chama hicho huwazika watu wake. Nilicheka. Baadaye swali lake lilinirudisha kwa James Chuma, aliyewahi kuishi katika nchi ya mzee huyo, na ambaye wengi wetu tunamjua kwa sentensi moja ya kitabu cha historia: yeye na Abdullah Susi waliongoza msafara uliobeba maiti ya Livingstone.

Chuma alikuwa Myao, aliyezaliwa karibu na mwaka 1850. Mwaka 1861, akiwa mtoto katika msafara wa watumwa karibu na mto Shire, alifunguliwa na Livingstone pamoja na wamisionari wa Askofu Mackenzie. Mwaka 1864 alivuka bahari hadi Bombay, akasoma shule ya misheni na kubatizwa jina la James. Alirudi Afrika mwaka 1866 katika safari ya mwisho ya Livingstone, ambayo Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kiliichangia pauni 500.

Kipande cha maisha yake kinachonivuta zaidi ni cha Kabambare. Livingstone aliandika Bambarre. Ama hakuisikia Ka- ya mwanzo, ama hakuambiwa, na wanafonolojia wa kitivo chetu wanaweza kubishana juu ya hilo. Mwezi Juni 1870 alitaka kwenda kuutafuta mto Lualaba, karibu watu wake wote wakagoma. Waliobaki naye ni watatu: Susi, Chuma na Gardner. Waliingia katika msitu na matope, miguu ya Livingstone ikaota vidonda, wakarudi Kabambare mwezi Julai. Kwa takriban siku 80 hakuweza kutoka nyumbani. Karatasi zilimwishia, akawa anaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mimea. Mtu asiyeweza kutembea hukusanya habari kwa miguu na masikio ya wengine, na Chuma alikuwa na masikio mazuri: alijua Kiyao, Kiswahili, Kiingereza na lugha nyingine kadhaa za njiani. Sisi tungemwita msaidizi wa utafiti, tena tungempa fomu ya ridhaa aweke sahihi.

Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873. Watu wake walizika moyo wake hapo, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaanza kuurudisha pwani. Walipofika Tabora walimkuta Luteni Cameron, aliyetumwa na Chama hicho hicho kumtafuta marehemu. Aliwashauri wamzike hapo. Walikataa. Cameron alichukua baadhi ya vyombo vya kupimia. Wao wakaendelea na maiti pamoja na daftari, mpaka Bagamoyo, Februari 1874. Walikuwa wametembea zaidi ya kilomita 1,500.

Mazishi ya Westminster, tarehe 18 Aprili 1874, yalifanyika bila Chuma na Susi. Walifika Uingereza baadaye, kwa gharama ya James Young, rafiki wa marehemu. Huko walikaa na Horace Waller, mhariri wa shajara za mwisho, wakimsaidia kupanga majina, mahali na matukio. Kitabu kilitoka mwaka huohuo. Waller hakuwaficha; aliwashukuru. Chama nacho kilitengeneza medali 60 kwa ajili ya wabebaji, lakini wengi walikuwa wameshatawanyika.

Medali si uanachama. Kuingia katika Chama hicho kulihitaji mtu apendekezwe na wanachama, kisha alipe ada. Chuma hakuwa mwanachama. (Hata wanawake walichaguliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1892, halafu mwaka uliofuata mlango ukafungwa hadi 1913.)

Sitaki kumlazimisha kuwa mwanajiografia. Hakuacha makala wala ramani yenye jina lake, na kazi aliyoitafuta aliporudi Zanzibar ilikuwa ya misafara. Mwaka 1876 aliongoza safari ya Askofu Steere kwenda Masasi. Ndiye Steere aliyechapisha kitabu cha Kiswahili mwaka 1870 na cha Kiyao mwaka 1871, wakati Chuma yuko Manyema. Mwaka 1879 Chama cha Jiografia kilimtuma Keith Johnston kwenda Ziwa Nyasa na Tanganyika, Chuma akiwa kiongozi wa wapagazi. Johnston alifariki Behobeho mwezi Juni. Msafara uliangukia mikononi mwa Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, mdogo kwangu kwa miaka mitatu, ambaye hii ilikuwa safari yake ya kwanza Afrika. Walifika, wakarudi salama. Mwaka 1885 Thomson alipewa medali ya dhahabu ya Chama. Chuma alikuwa amekwisha kufa kwa kifua kikuu, Zanzibar, mwaka 1882.

Fomu yangu inataka wadhamini wawili, ambao nimewapata, na orodha ya kazi zangu. Ninayo moja: orodha ya maneno ya Kibangubangu. Mzee yumo katika ukurasa wa shukrani, kama mtoa data. Juzi nilimpigia tena kumuuliza kama ningeweza kuweka jina lake juu ya orodha, mbele ya langu. Amekubali, ila kwa sharti kwamba niandike na la baba yake. Fomu bado sijaituma.