James Kirkman alitufukulia Gedi, kuisimulia ni kazi yetu

Anayetembezwa magofu ya Gedi hutoka na majina ya nyumba: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Ushanga wa Venisi. Wageni wengi hudhani wenyeji wa zamani ndio walioziita hivyo. Sivyo. Majina hayo yalitoka kwa James Kirkman, Mwingereza aliyeufukua mji ule, na nyumba hizo akaziita kwa vitu vilivyookotwa ndani yake. Wenye nyumba hatuwajui. Ndiyo sababu nataka tumkumbuke mtu huyu, kwa shukrani lakini bila kumfumbia macho.

Kirkman alizaliwa 1906. Alifika Gedi 1948, mwaka ambao magofu yalifanywa hifadhi ya taifa, akawa msimamizi wake. Mji ulikuwa umemezwa na msitu, mizizi imepasua kuta. Kwa miaka kama kumi yeye na vibarua wake walifukua msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima, nyumba na makaburi. Kaburi moja lilikutwa limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Tarehe hiyo, pamoja na vigae vya vyombo vya Uchina ambavyo miaka ya kutengenezwa kwake inajulikana, vilimwezesha kupanga umri wa kila tabaka la udongo. Alifanya kazi Takwa, Mnarani ya Kilifi na Ungwana pia.

Kisha akaingia Mombasa. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, ilikuwa gereza hadi 1958. Kwa fedha za Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, Kirkman aliifukua na kuitengeneza, na 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Aliiongoza hadi 1972. Wapiga mbizi wa kujitolea walipoona mabaki ya meli chini ya ngome, hakuwapuuza. Ilikuwa Santo António de Tanna, jahazi la kivita la Wareno lililozama 1697. Kirkman alifariki 1989.

Hayo ndiyo mema yake, na si haba. Bila yeye, mawe mengi ya Gedi yangekuwa misingi ya nyumba za watu.

Lakini kitabu chake cha 1954 kiliita Gedi mji wa Waarabu. Kwa wasomi wa wakati ule, jengo la mawe lilikuwa la mgeni na kibanda cha udongo cha mwenyeji. Waliofuata baadaye waliona mengine. Miaka ya 1980, Mark Horton alifukua Shanga, kisiwani Pate, akakuta chini ya msikiti wa mawe misikiti midogo ya miti na udongo, ya tangu karne ya 8. Mkenya George Abungu alirudi Ungwana akafuatilia jinsi mji ule ulivyofungamana na watu wa Mto Tana. Hata Gedi kwenyewe, vigae vya vyungu vya hapahapa ni vingi kuliko vya Uchina. Miji hii ilichipuka hapa. Waarabu na Wahindi walikuja kama wafanyabiashara, wageni na wakwe.

Msinione ninagombania maneno. Pwani yetu, anayeitwa mgeni kwenye kitabu cha historia haishi kuitwa mgeni kwenye ofisi ya ardhi.

Nami naandika nikiwa Kiwanjani, Isiolo, ambako majirani zangu wengi ni Waborana. Husimuliwa kwamba jina Gedi lenyewe limetokana na Kioromo, lugha ya ukoo mmoja na ya majirani zangu. Na miongoni mwa sababu zinazotajwa za mji kuhamwa, pamoja na maji ya visima kushuka, ni kusogea kwa Waoromo kutoka kaskazini. Basi Gedi si habari ya pwani peke yake. Leo kuna mpango wa barabara na reli kutoka bandari ya Lamu kuja hadi Isiolo. Kabla tingatinga halijapita, lazima watu wapite kwa miguu.

Kazi hiyo haihitaji shahada. Wanaojitolea hupangwa mstari mmoja, hatua chache baina yao, macho chini. Ukiona kigae, ushanga au jiwe lililochongwa, huweki mfukoni. Unaweka alama, unaita, kinaandikwa kilipo. Kifanyike chini ya wataalamu wa Makumbusho ya Taifa, maana sheria ya 2006 inakataza kufukua bila kibali.

Na wanaotembeza wageni wana kazi nyingine. Gedi iliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO 2024, kwa hivyo wageni wataongezeka. Mkifika Nyumba ya Mkasi, waambieni nani aliyeipa jina na kwa nini. Halafu nendeni vijiji vya jirani mkaulize ni baba na babu za nani walioshika jembe na ungo kwa ajili ya Kirkman. Wao ndio waliouona mji ukitoka ardhini kwanza. Wajukuu wao wangalipo, na wazee wanaokumbuka wanapungua kila mwaka. Yaandikeni majina hayo sasa.