William Beveridge na juma la kwanza lisilolipwa

JINA la hayati William Beveridge hutajwa kila Waingereza wanapojadili mafao ya watu wasio na kazi, ingawa swali gumu kuliko yote katika mjadala huo yeye mwenyewe hakulimaliza: aliyepoteza kazi leo ataishi vipi mpaka malipo yake ya kwanza yafike?

Alizaliwa Machi 5, 1879 huko Rangpur, Bengal, ambako baba yake alikuwa jaji katika serikali ya kikoloni ya India. Baada ya masomo yake Oxford, mwaka 1903 alikwenda kufanya kazi Toynbee Hall, mashariki mwa London, eneo la vibarua wa bandarini walioamka kila alfajiri bila kujua kama siku hiyo wangeajiriwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1909 alieleza kuwa ukosefu wa kazi ni kasoro ya mfumo wa ajira, wala si uvivu wa mfanyakazi.

Wakati huo alikuwa tayari serikalini, chini ya Winston Churchill, na mwaka 1910 zikafunguliwa ofisi za umma za kuwatafutia watu kazi. Sheria ya bima ya mwaka 1911 ilifuata. Iliwahusu wafanyakazi wapatao milioni 2.25, wakiwamo wajenzi na waunda meli, na iliwapa shilingi 7 kwa juma, kwa majuma yasiyozidi 15 katika mwaka. Juma la kwanza halikulipwa. Kwa watu wa bima hilo ni jambo la kawaida, kwani huupunguzia mfuko madai ya siku chache. Kwa kibarua asiye na akiba, juma hilo ni refu mno.

Kati ya mwaka 1919 na 1937 aliongoza London School of Economics. Mwaka 1941 alipewa kamati ya kuchunguza bima ya jamii, akaipokea shingo upande kwa kuona anasogezwa pembeni. Ripoti yake ya Desemba 1, 1942 iligombewa madukani. Ilitaka kila mchangiaji alipwe kama haki yake, bila kupekuliwa umaskini wake. Serikali ya Clement Attlee ilianza kuutekeleza mfumo huo Julai 5, 1948, wakati Beveridge alikwisha kupoteza kiti chake cha ubunge mwaka 1945. Alifariki dunia Oxford, Machi 16, 1963.

Mpango wa Universal Credit, ulioanza mwaka 2013, si wake: hautegemei michango, na hupima kipato cha mwombaji. Lakini pengo la mwanzo limebaki, tena limepanuka. Malipo ya kwanza huchukua takriban majuma matano. Asiyeweza kusubiri huruhusiwa kuomba fedha za kutangulizwa, hadi kiasi kamili cha mwezi mmoja. Hazina riba, ila ni deni, hivyo mwombaji huingia katika mfumo wa msaada akiwa tayari anadaiwa. Hukatwa kidogo kidogo kutoka katika malipo ya kila mwezi, kwa muda unaoweza kufika miezi 24. Aprili 2025 kikomo cha jumla cha makato kwa kawaida kilishushwa kutoka asilimia 25 hadi 15 ya posho ya msingi.