Henry Dunant: Mfanyabiashara aliyefilisika na kuacha Msalaba Mwekundu

KATIKA mafunzo ya wahudumu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, yawe ni mjini Homa Bay, Migori au kwingineko duniani, jina la Henry Dunant halikosi kutajwa. Aghalabu hutajwa upesi, pamoja na tarehe moja au mbili, kisha mkufunzi akaendelea na kanuni saba za shirika hilo.

Hiyo ni hasara, kwa kuwa maisha ya mtu huyo ndiyo yanayoeleza ni kwa nini kanuni zenyewe zilihitajika.

Dunant alizaliwa Geneva, Uswisi, Mei 8, 1828, katika familia ya Kiprotestanti yenye uwezo na iliyozoea kuwahudumia maskini. Shuleni hakufua dafu. Aliondoka kabla ya kuhitimu kwa sababu ya alama mbovu, akaenda kujifunza kazi katika benki. Mnamo 1852 alikuwa miongoni mwa vijana walioanzisha tawi la YMCA mjini humo.

Kazi ya benki ilimfikisha Algeria, iliyokuwa koloni la Ufaransa. Huko alianzisha kampuni ya kilimo na kusaga nafaka, lakini akakwama kwa kukosa hati za ardhi na haki ya kutumia maji. Watu wengi hulipita jambo hili kimya kimya: mwasisi wa huduma za kibinadamu alikuwa akitafuta faida katika ardhi ya watu waliotawaliwa kwa mabavu, na hakuonekana kuona kasoro yoyote.

Maafisa wa kikoloni walipomzungusha, aliamua kumwendea Mfalme Napoleon III mwenyewe. Mfalme alikuwa vitani kaskazini mwa Italia. Dunant akafunga safari akiwa amevaa suti nyeupe, mkononi ana maombi yake ya maji.

Alifika karibu na Solferino jioni ya Juni 24, 1859. Siku hiyo majeshi ya Ufaransa na Sardinia yalikuwa yamepambana na jeshi la Austria tangu alfajiri. Askari karibu 40,000 waliuawa, walijeruhiwa au hawakujulikana waliko.

Majeruhi walimiminika katika mji mdogo wa Castiglione delle Stiviere. Makanisa yalijaa, nyua zikajaa, hata barabara zikatandazwa nyasi ili walazwe. Madaktari wa jeshi walikuwa wachache mno, na katika jeshi la Ufaransa waliotunza farasi waliwazidi waliotunza watu.

Dunant hakuwa daktari. Alijitwika kazi ya kupanga. Aliwakusanya wanawake wa mji, wavulana waliochota maji na watalii waliokuwa wakipita njia, akamtuma mwendesha gari lake Brescia kununua mashati, malimau, sukari na tumbaku. Wanawake hao walipoona kwamba mgeni huyo hachagui kati ya Mfaransa na Mwaustria, nao wakaacha kuchagua, wakisema kwamba wote ni ndugu. Alihimiza pia madaktari wa Austria waliotekwa waachiliwe ili wasaidie.

Hata hivyo, alichojifunza hapo si wema pekee. Aliona watu wakifa kwa njaa na kiu ilhali chakula na maji vilikuwapo, kwa kuwa hapakuwa na mikono iliyojua kuvigawa. Aliona pia bidii ya wakazi ikipungua siku zilivyosonga. Huruma ilikuwapo tele. Mafunzo ndiyo yaliyokosekana.

Hoja hiyo aliiandika katika kitabu chake, Kumbukumbu za Solferino, alichochapisha 1862 kwa gharama yake mwenyewe, nakala 1,600. Alipendekeza kila nchi iwe na vyama vya watu wa kujitolea watakaofunzwa wakati wa amani, na mataifa yatie sahihi mkataba wa kuwalinda majeruhi na wanaowahudumia.

Wakili Gustave Moynier, Jenerali Henri Dufour na madaktari Louis Appia na Théodore Maunoir waliungana naye. Kamati hiyo ya watu watano ilikutana mara ya kwanza Februari 17, 1863. Mwaka uliofuata, Agosti 22, mataifa 12 yalitia sahihi Mkataba wa Geneva. Mkataba huo uliagiza majeruhi watunzwe bila kujali taifa lao, na raia anayewasaidia asiguswe.

Biashara ya Algeria, wakati huo, ilikuwa ikioza. Mnamo 1867 alifilisika akiwa na deni la takriban faranga milioni moja, na mwaka uliofuata mahakama ya Geneva ikampata na hatia katika sakata hiyo. Kamati aliyoiasisi ilimtoa, YMCA vilevile, na Moynier hakumsamehe hadi kufa. Dunant aliuacha mji wake wa kuzaliwa, asirudi tena.

Miaka mingi alitangatanga Ulaya, akilala wakati mwingine katika vituo vya reli na kupaka koti lake wino ili uchakavu usionekane. Mnamo 1887 alifika kijiji cha Heiden, akahamia hospitali ya hapo 1892. Wengi walidhani alikwisha kufa, hadi mwanahabari Georg Baumberger alipoandika habari zake 1895.

Mnamo 1901 alitunukiwa Nobeli ya Amani ya kwanza, pamoja na Mfaransa Frédéric Passy. Fedha hizo ziliwekwa Norway zisinyakuliwe na wadai wake, naye akaendelea kuishi katika chumba kilekile. Alifariki Oktoba 30, 1910, akazikwa Zurich bila hafla, kama alivyoagiza. Katika wosia wake aliacha fedha za kitanda cha bure kwa wagonjwa maskini wa Heiden.

Kanuni saba hakuziandika yeye. Zilipitishwa Vienna 1965, kwa kazi kubwa ya mwanasheria Jean Pictet: utu, kutopendelea, kutoegemea upande, uhuru, kujitolea, umoja na kuenea duniani kote. Mwaka huohuo Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuunda Shirika la Msalaba Mwekundu la nchi hii.

Mtihani wa kanuni hizo ulikuja baada ya uchaguzi mkuu wa Desemba 2007. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Familia za Wajaluo zilizotimuliwa Naivasha, Nakuru na kwingineko zilirejea Nyanza, zikiwemo wilaya za wakati huo za Homa Bay na Migori. Katika miji ya Nyanza, nayo, maduka ya watu wa jamii nyingine yaliporwa na kuchomwa, wenyewe wakakimbilia vituo vya polisi.

Katika hali kama hiyo, kijana wa kujitolea ambaye mjomba wake amerudi mikono mitupu hutakiwa abebe blanketi ampelekee mfanyabiashara wa kabila analolilaumu, tena mbele ya majirani wanaomtazama. Wanawake wa Castiglione angalau walihudumia wageni waliokuwa wakipita.

Kutopendelea kulikuwa na ugumu mwingine. Kanuni hiyo hutaka msaada upimwe kwa shida ya mtu. Lakini waliorejea Nyanza hawakupiga hema kambini, bali walijibanza kwa jamaa, familia mbili tatu katika boma moja, ambako si rahisi kuwaona wala kuwahesabu. Serikali ilipotoa Sh10,000 kwa kila familia iliyofurushwa, na Sh25,000 kwa waliochomewa nyumba, wengi wa hao walilalamika miaka na mikaka kwamba majina yao hayakuwamo katika orodha.