Phineas Gage na Mtaimbo Wake

Nataka kuwasimulia maisha ya Phineas Gage, mtu wa Marekani ambaye wataalamu wa ubongo humtaja mpaka leo. Ninayo sababu ya kumchagua, nayo nitaieleza mwishoni.

Gage alizaliwa mwaka 1823 katika jimbo la New Hampshire. Alipokuwa na umri wa miaka 25 alikuwa mnyapara wa vibarua waliopasua miamba ili kupitisha njia ya reli. Alisifiwa kwa bidii na kwa kupanga kazi vizuri. Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na mji wa Cavendish, alikuwa akishindilia baruti katika tundu la mwamba, mara baruti ikalipuka. Mtaimbo wake, wenye urefu wa futi 3 na inchi 7 na uzito wa ratili 13 na robo, ukaingia katika shavu la kushoto, ukapita nyuma ya jicho, ukatokea utosini. Ajabu ni kwamba hakufa. Baada ya dakika chache alisema, akapelekwa mjini ameketi katika gari la ng'ombe. Daktari John Harlow alimwuguza akapona, ila jicho lile likapofuka.

Mwili ulipona, lakini tabia iligeuka. Akawa mkali na mwenye matusi. Alifanya mashauri mengi na kuyaacha kabla ya kuyatimiza. Wenye kazi wakakataa kumrudishia cheo chake.

Leo twajua kwamba sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso husaidia kupima mambo: faida hii ni ya sasa tu au ya kudumu, na hasara yake ni nini? Sehemu hiyo ndiyo iliyoumia. Lakini ndani kabisa ya ubongo zimo sehemu nyingine zinazosaidia kutunza mazoea. Jambo likirudiwa mara nyingi na kuleta faida, mwisho hutendeka bila kufikiriwa sana.

Mwaka 1852 Gage alikwenda Chile, akaendesha gari la farasi la abiria kwa miaka 7 hivi. Kazi ile ilitaka kuamka mapema, kutunza farasi na kuwapokea abiria kwa adabu, kila siku vile vile. Wataalamu wengine wa leo huona kwamba utaratibu huo ulimsaidia kuishi vizuri tena na watu. Mwaka 1860 alishikwa na kifafa, akafa huko California tarehe 21 Mei. Fuvu lake na mtaimbo wake vimewekwa katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Sasa sababu yangu. Miaka mitatu iliyopita ndugu yangu mkubwa alianguka na baiskeli mteremkoni akaumia paji la uso. Tangu hapo fedha haikai mkononi mwake, na hasira yake ni ya ghafula. Majirani husema ameharibika, na baba alikwisha kata tamaa. Likizo iliyopita nilimsimulia baba habari za Gage, nikamwomba ampe ndugu yangu kazi moja, saa ile ile kila siku. Sasa yeye ndiye akamaye ng'ombe alfajiri na kupeleka maziwa sokoni. Mama ameniandikia kwamba mwezi huu hakukosa hata siku moja. Fedha za maziwa bado anazipokea baba.