Ferdinand Porsche, fundi aliyechanganya esansi na umeme

Magari ya mchanganyiko, yale yanayotumia esansi na umeme pamoja, yanatangazwa leo kama kitu kipya. Lakini mmoja wa mafundi wa kwanza kuyatengeneza alifariki zamani, mwaka wa 1951.

Ferdinand Porsche alizaliwa tarehe 3 Septemba 1875 huko Maffersdorf, katika inchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Baba yake alikuwa fundi wa bati na alitaka mtoto arithi kazi ile. Kijana yeye alipenda umeme tu. Mchana anagonga bati, magaribi anaenda masomo. Mwaka wa 1893 akahamia Vienna, akapata kazi katika kampuni ya umeme. Diploma ya chuo kikuu hakuwa nayo.

Mwaka wa 1900, gari alilochora kwa ajili ya kampuni Lohner lilionyeshwa Paris. Lilikuwa la umeme tupu, mota zimefungwa ndani ya magurudumu. Shida ilikuwa batri. Uzito wake ni mamia ya kilo, na zikiisha moto gari linasimama.

Basi Porsche akaweka ndani ya gari mashini ya esansi. Mashini ile haikuzungusha magurudumu. Ilizungusha jenereta, sawa na grupu inayowasha taa nyumbani. Umeme ulienda kwenye mota, mwingine ukajaza batri. Gari likaitwa Semper Vivus, Kilatini cha kusema hai siku zote.

Sokoni halikushinda, juu lilikuwa zito na la bei kali, na gari la esansi peke yake lilikuwa rahisi kutengeneza. Wazo likalala miaka mingi, mpaka Toyota ilipoanza kuuza Prius huko Japani mwaka wa 1997. Yale ya kuchomeka kwenye umeme wa nyumbani yalifuata nyuma.

Kuna upande mwingine wa maisha yake. Mwaka wa 1934 Porsche alipewa kazi ya kuchora gari la raia wa Ujerumani ya Hitler, Volkswagen, na mwaka wa 1937 akaingia chama cha Wanazi. Wakati wa vita, kiwanda cha gari lile, ambacho yeye alikuwa kati ya wakubwa wake, kilitumikisha maelfu ya watu kwa nguvu, wakiwemo wafungwa. Vita ilipoisha, Ufaransa ilimfunga kuanzia 1945 hadi 1947. Alifariki Stuttgart tarehe 30 Januari 1951.

Historia hii inatuhusu. Batri nyingi za magari ya leo zinahitaji kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka kwetu Kongo, Lualaba na Haut-Katanga. Kwa hiyo mtu akikusifia gari la mchanganyiko kwamba linakula esansi kidogo, msikilize, ni kweli. Halafu umuulize pia: nani alichimba madini ya batri ile, na alilipwa ngapi?